Maisha ya Thomas Telford, Mwashi wa Mawe Aliyekuwa Mhandisi

Baada ya hesabu za fedha na taarifa ya kamati tumeona vema kutia katika kijitabu hiki habari za maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye kazi za mikono yake zingali zikitumiwa hata leo. Tumemchagua Thomas Telford wa Scotland, mhandisi na msanifu wa majengo. Alianza maisha akiwa yatima, kisha akawa mwashi wa mawe. Na katika chama chetu waashi ni wengi, na yatima si haba. Tena liko swali ambalo hurudi katika mikutano yetu: fedha tuzitoazo kumsomesha mtoto asiye na baba, au kumtia katika kazi ya ufundi, zina faida gani kwa wale waliozitoa? Maisha ya mtu huyu yana jambo la kusema juu ya swali hilo, ijapokuwa si kila alichokijenga kiliwafaa watu wote.

Telford alizaliwa tarehe 9 Agosti 1757 katika bonde la Eskdale, kusini mwa Scotland, nchi ya vilima vya majani na baridi kali. Baba yake, John Telford, alichunga kondoo wa watu. Mtoto hajatimiza hata nusu mwaka, baba akafariki. Mama yake, Janet Jackson, akaiacha nyumba ile, kwa kuwa ilikuwa ya mchungaji na mchungaji hayupo tena, akahamia na mtoto katika nusu ya kibanda kilichoezekwa kwa majani. Mama alifanya vibarua kwa majirani, akikama ng'ombe na kusaidia siku za mavuno. Mtoto naye akawa kama mtoto wa bonde zima. Huyu alimpa chakula kwa kumchungia mifugo, yule alimpa mahali pa kulala, na jamaa mmoja wa mama alilipa ada yake katika shule ya kijiji. Walimpa jina la utani kwa sababu ya kucheka kwake, maana yasemekana hakujua kununa.

Alipofika umri wa miaka kama 14 alitiwa uanagenzi kwa mwashi. Mwalimu wake wa kwanza alimtesa, na baada ya miezi michache kijana akatoroka akarudi kwa mama yake. Hapo jamaa wangaliweza kusema kwamba mtoto ameshindwa, basi na achunge kondoo kama baba yake. Hawakusema hivyo. Walimtafutia mwashi mwingine katika mji mdogo wa Langholm, naye huko akadumu. Siku hizo mwenye ardhi ya nchi ile alikuwa akijenga upya nyumba za wapangaji wake na kutengeneza njia na madaraja, hivyo kazi ya mawe ilikuwa nyingi. Bibi mmoja mtu mzima wa ukoo wa Pasley, aliyekuwa na vitabu nyumbani kwake, alimwazima kijana yule kimoja baada ya kingine. Alivisoma usiku baada ya kazi, na yeye mwenyewe akaanza kutunga mashairi. Jiwe la kaburi la baba yake, ambaye hakuwahi kumjua, alilichonga kwa mkono wake.

Mwaka 1780 alikwenda Edinburgh, ambako mji mpya ulikuwa ukijengwa, akajifunza kuchora ramani za majengo. Mwaka 1782 akaelekea London. Husimuliwa kwamba safari hiyo aliifanya juu ya farasi wa tajiri mmoja wa kwao, ambaye alitakiwa kufikishwa London, naye amevaa suruali ya ngozi aliyoazimwa na binamu yake. Huko alichonga mawe ya jumba la Somerset House, na mwaka 1784 akapelekwa Portsmouth kusimamia ujenzi wa nyumba ya mkuu wa gudi za jeshi la maji. Pale ndipo alipojitia katika elimu ya kemia, akitaka kujua ni kwa sababu gani chokaa hii hushika na ile hubomoka. Wenzake wengi walitosheka kujua kwamba hushika.

Katika Eskdale alikotoka kulikuwa na ukoo wa Johnstone. Mtoto mmoja wa ukoo huo, William, alioa mrithi wa mali nyingi mno, akachukua jina la Pulteney, akawa mbunge wa mji wa Shrewsbury. Huyu alimwita Telford aje kuitengeneza ngome ya kale ya mji ule, na mwaka 1787 akamsaidia kupata kazi ya kusimamia ujenzi wote wa umma katika jimbo la Shropshire. Hatutaki kuficha jambo hili: alipandishwa na mtu wa kwao mwenye cheo. Lakini cheo cha mtu mwingine hakizuii ukuta kuanguka, na upesi ilionekana kwamba mwashi huyu ajua analosema.

Mwaka 1788 wazee wa kanisa la St Chad walimwita atazame paa lao lililokuwa likivuja. Telford hakuanza na paa. Alitazama nyufa za kuta, akachunguza nguzo, akaona kwamba makaburi yaliyochimbwa karibu na nguzo moja ya mnara yameudhoofisha msingi. Akawaambia wazee waache habari ya paa kwanza, maana jengo lenyewe laweza kuanguka. Wazee wakamcheka. Walidhani atafuta kazi kubwa ili apate malipo makubwa, kama mafundi wengine wafanyavyo. Baada ya siku chache, alfajiri moja ya mwezi wa Julai, saa ya kanisa ilipogonga, mnara ukaporomoka, ukaangukia kanisa na kulibomoa. Kwa bahati njema halikuwa na watu. Tangu siku hiyo hapakuwa na mzee wa Shropshire aliyemcheka tena.

Wakati uo huo alikuwa akijenga gereza la Shrewsbury. Bwana John Howard, aliyekuwa akizunguka akipigania hali ya wafungwa, aliitazama ramani akasema kwamba nyua za ndani ni finyu mno na wafungwa watakosa hewa. Telford akaibadili ramani yake. Alijenga makanisa pia, kama lile la Bridgnorth, lakini kadiri miaka ilivyopita moyo wake ulielekea zaidi katika madaraja na njia.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya jina la kazi yenyewe. Hapo kale mhandisi alikuwa mtu wa jeshi, mwenye kujenga ngome na kuchimba mahandaki. John Smeaton, aliyekuwa mkubwa kwa Telford kwa miaka 33, ndiye ahesabiwaye kuwa wa kwanza kujiita mhandisi wa kazi za raia, yaani wa barabara, bandari, minara ya taa na mifereji. Hapakuwa na chuo cha kazi hiyo Uingereza. Mtu alijifunza kwa mikono, kwa vitabu na kwa hasara.

Mwaka 1795 mto Severn ulifurika ukachukua madaraja mengi ya mawe. Daraja la chuma la kule Coalbrookdale, lililojengwa mwaka 1779, likabaki limesimama. Telford alilizingatia hilo. Alipoombwa kujenga daraja jipya pale Buildwas, alilijenga kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, likavuka futi 130 kwa tao moja. Lilikuwa refu kuliko lile la kwanza kwa futi 30, nalo lilitumia chini ya nusu ya chuma chake.

Kazi iliyolifikisha jina lake mbali ni daraja la maji la Pontcysyllte, huko Wales. Kampuni moja ilikuwa ikichimba mfereji wa kupitisha mashua za makaa na mawe ya chokaa, na mfereji ukafika penye bonde la mto Dee, bonde la kina kirefu. Desturi ilikuwa kuteremsha mashua hatua kwa hatua kwa vyumba vya maji vyenye malango, kisha kuzipandisha ng'ambo. Jambo hilo hula muda na maji mengi. Njia nyingine ilikuwa kujenga daraja la mawe na kulisiriba udongo wa mfinyanzi ndani ili lisivuje, lakini kwa kimo kile uzito wake ungalikuwa wa kutisha. Telford na mkuu wake, William Jessop, waliamua kuweka juu ya nguzo za mawe hori la chuma lenye urefu wa futi 1,007, na maji na mashua vikapita ndani yake, futi 126 juu ya mto. Nguzo ni 18. Sehemu zake za juu ziliachwa wazi ndani, ili zisiwe nzito na ili waashi waweze kukagua kazi. Chokaa yake, yasemekana, ilichanganywa na damu ya ng'ombe. Hori lilipokwisha kuungwa walilijaza maji wakaliacha miezi 6 walitazame kama litavuja. Halikuvuja. Daraja lilianzwa mwaka 1795, likafunguliwa tarehe 26 Novemba 1805. Mashua zapita hata leo, na mwaka 2009 shirika la UNESCO liliutia mfereji ule katika urithi wa dunia.

Tumemtaja Jessop kwa kusudi. Alikuwa mkubwa wa Telford kwa umri na kwa kazi, na bila kukubali kwake daraja lile lisingejengwa hivyo. Lakini Telford alipokuwa mzee, akiandika habari za maisha yake, karibu hakumtaja. Twaona kwamba hilo ni doa. Na lashangaza zaidi kwa mtu ambaye kwa wengine hakuwa mchoyo wa heshima: Matthew Davidson, mwashi mwenzake wa ujana kule Langholm, alimwita awe msimamizi wa kazi ya Pontcysyllte, na baadaye wa mfereji mkubwa wa Scotland. Mfua chuma William Hazledine na mwashi John Simpson alifanya nao kazi miaka na miaka. Kwa wasimamizi kama hao aliweza kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja, yeye akizunguka kwa gari la farasi toka moja hata nyingine.

Mwaka 1801 Serikali ilimtuma kaskazini ya Scotland, nchi ya milima. Watu wa huko walikuwa wakihama kwa maelfu kwenda Marekani na Kanada, kwa kuwa wenye ardhi waliwaondoa mashambani ili waweke kondoo. Telford alirudi na shauri kwamba zijengwe barabara, madaraja, bandari za wavuvi, na mfereji wa kutoka bahari ya mashariki hata ya magharibi. Bunge likakubali mwaka 1803. Nusu ya gharama ya barabara ilitoka kwa Serikali, na nusu kwa wenye ardhi wenyewe. Kwa muda wa miaka kama 20 zilijengwa barabara za maili 920 na madaraja zaidi ya 1,000, mahali ambapo kabla yake gari halikuweza kupita. Katika kazi hizo na ile ya mfereji waliajiriwa watu kama 3,200 kila mwaka, wengi wao wasiowahi kushika sururu wala toroli. Telford mwenyewe alizihesabu kazi hizo kuwa chuo, akaona kwamba kila mwaka watu 800 hivi walitoka humo wakiwa na ufundi walioweza kuuza popote.

Mfereji wenyewe, uitwao Caledonian, waenda maili 60, nyingi zake zikiwa maziwa ya asili na maili 22 zikiwa za kuchimbwa. Pale Banavie vyumba vya maji 8 vimepangwa kama ngazi, na merikebu hupanda kilima. Hata hivyo ulifunguliwa mwaka 1822, miaka mingi nyuma ya ahadi, na gharama ilizidi pauni 900,000, mbali kabisa na makadirio ya kwanza. Ili kupunguza gharama haukuchimbwa kwa kina kilichokusudiwa. Na merikebu za zamani hizo zilikwisha kuwa kubwa, kwa hiyo nyingi hazikuweza kupita, ikabidi mfereji uchimbwe tena katika miaka ya 1840. Wala kuhama hakukukoma. Wenye ardhi waliendelea kuwaondoa watu katika miaka ile ile barabara zilipokuwa zikijengwa, na waliofukuzwa walizipita barabara hizo hizo kwenda bandarini. Barabara njema haiwezi kumrudishia mtu shamba lake. Lakini vijiji vilivyobaki vilipata posta, soko na daktari, na wengine waliondoka na ufundi mikononi badala ya kuondoka mikono mitupu.

Sifa yake ilivuka bahari. Mwaka 1808 aliitwa Sweden kupima njia ya mfereji wa Göta, na mfalme wa huko akamtunuku nishani. Huko Uingereza, tangu mwaka 1815, alipewa barabara ya kutoka London hata bandari ya Holyhead, iendako Ireland. Njiani palikuwa na mlango wa bahari wa Menai, wenye mkondo mkali. Watu walivuka kwa mashua na wengi walizama. Mwaka 1785 ilipinduka mashua yenye watu 55, akaokoka mmoja. Ng'ombe wa kisiwa cha Anglesey waliogeleshwa kwenda sokoni, na wale waliozidiwa na mkondo walikuwa hasara ya mwenyewe.

Jeshi la maji lilikataa daraja lolote litakalozuia milingoti ya merikebu, hata wakati wa kujengwa. Basi Telford alilitundika daraja lake kwa minyororo 16 ya chuma kilichofuliwa, kutoka mnara hata mnara, umbali wa futi 579, njia ikiwa futi 100 juu ya maji. Kila kipande cha chuma kilijaribiwa kwa kuvutwa kabla ya kutumiwa, kisha kikatiwa mafuta ya kitani kisipate kutu. Tarehe 26 Aprili 1825 mnyororo wa kwanza uliletwa juu ya chelezo, na watu 150 wakauvuta kwa roda huku zumari ikipigwa ili waende kwa mwendo mmoja. Wasimulizi husema kwamba Telford hakulala vema kwa siku nyingi kabla yake, na kwamba rafiki zake walipomkimbilia kumpongeza walimkuta amepiga magoti. Daraja lilifunguliwa tarehe 30 Januari 1826. Upepo uliiharibu njia yake ya mbao zaidi ya mara moja, na minyororo ilibadilishwa katika miaka ya 1938 hadi 1940, lakini minara ni ile ile.

Mwaka 1818 vijana wachache wa London walianzisha chama cha wahandisi. Hawakuwa na jina wala fedha, na chama kilidhoofika. Mwaka 1820 walimwomba Telford awe rais wao wa kwanza. Wenye vyeo wengi hukubali urais wakaonekana mara moja kwa mwaka. Yeye alihudhuria mikutano wiki kwa wiki, akakipa chama vitabu vyake, akasisitiza kwamba kila mazungumzo yaandikwe na kumbukumbu zihifadhiwe, ili mhandisi wa mbali asome makosa ya mwenziwe asiyarudie. Mwaka 1828 chama kilipata hati ya kifalme. Makatibu wetu watatusamehe tukisema kwamba jambo hili la kumbukumbu latupendeza kuliko hata daraja la Menai.

Lakini mwaka uo huo wa 1828 zilifunguliwa gudi za St Katharine, London, ambazo yeye ndiye aliyezisanifu kwa upande wa uhandisi. Ili kupata nafasi, nyumba 1,250 zilibomolewa, na watu kama 11,300 wakakosa makao. Wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji, ambao wengi walikuwa wachukuzi wa bandarini, hawakupewa kitu. Gudi zenyewe zilikuwa ndogo kwa merikebu za baadaye na hazikuleta faida iliyotarajiwa. Hatukuona popote kwamba Telford alilalamika kwa ajili ya watu wale, yeye ambaye mama yake alitoka katika nyumba ya mwajiri na mtoto mchanga mkononi. Twaliandika hili kwa kuwa wako kati yetu waliowahi kuona nyumba zikivunjwa kwa ajili ya maendeleo.

Telford hakuoa. Kwa miaka 21 alikaa katika chumba cha nyumba ya kulala wageni pale Charing Cross, na yasemekana mwenye nyumba mmoja alipoiuza kwa mwingine alimhesabu mpangaji huyu katika bei. Mama yake alifariki mwaka 1794. Kabla ya hapo alimpelekea fedha, na barua zake alimwandikia kwa herufi kubwa za chapa, moja moja, ili mama aweze kuzisoma mwenyewe kando ya moto. Uzeeni masikio yake yalikuwa mazito na ujasiri wake ukapungua. Mwaka 1829, alipoombwa kuamua mashindano ya daraja la Clifton, aliikataa michoro yote, hata ya kijana Brunel, kisha akaleta mchoro wake mwenyewe. Wenyeji hatimaye wakamchagua kijana. Reli nazo zilikuwa zimeanza, na katika maisha ya watu waliokuwa vijana wakati huo barabara ya Holyhead ilipoteza abiria wake.

Alifariki tarehe 2 Septemba 1834, akazikwa katika Westminster Abbey, miongoni mwa wakuu wa nchi. Mji mpya uliojengwa huko Shropshire ulipewa jina lake mwaka 1968. Katika wasia wake aliwakumbuka rafiki zake, na kati yao mshairi Robert Southey. Alikikumbuka chama cha wahandisi. Na akaacha pauni 1,000 kwa maktaba ya Langholm na pauni 1,000 kwa ile ya Westerkirk, kijiji chake.

Maktaba hiyo ya Westerkirk ilianzishwa katika miaka ya 1790 na wachimba madini wa Glendinning, shamba lile lile alikozaliwa, kwa kuchanga wao kwa wao. Fedha za Telford ziliwekwa zizae, na kwa faida yake vikanunuliwa vitabu vipya mwaka hata mwaka. Vitabu viliazimwa mara moja kwa mwezi, wakati wa mbalamwezi, kwa sababu wakulima, wachungaji na vibarua walitoka mbali vilimani pamoja na watoto wao, na kwa mwanga wa mwezi waliweza kuiona njia ya kurudi nyumbani.